Binti yangu wa miaka 6 kafundishwa ubaguzi wa Marekani shuleni, karudi na aibu. Tunakosea wapi?

MamaTausi (Columbus, Ohio) #1

Habari za humu wakuu. Walimu na wazazi mnisaidie.

Binti yangu yuko darasa la kwanza. Januari, karibu na siku ya kumkumbuka Martin Luther King, walifundishwa habari za ubaguzi: mabomba mawili ya maji ya kunywa, moja la Wazungu na moja la Weusi, mabasi yenye viti vya mbele na vya nyuma, shule mbili mbili. Halafu King akaja, akahutubia, sheria zikabadilika, akauawa. Somo silipingi. Mwalimu wao ana nia njema, hata barua alitutumia kabla.

Kilichonikosesha usingizi ni jinsi mtoto alivyorudi. Nilitegemea maswali, labda hasira. Wakati nampaka mafuta baada ya kuoga akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, sisi tulifanya nini mpaka wakatukataza maji yao?"

Baba yake anasema mambo haya yangesubiri afike miaka 10. Mimi naona tukisubiri atayasikia kwa wenzake uwanjani. Kwa nini somo la nia njema limwachie mtoto mweusi aibu? Nanyi wenu mliwaelezaje?

Kigoma_Mwisho_wa_Reli (Houston) #2

Niko na baba mtoto. Miaka 6 ni ya kujifunza kufunga kamba za viatu. Mtoto hajui jana na mwaka jana vinatofautianaje, utamwelezaje 1955? Anadhani ni jumatatu ijayo.

Mwl_Neema (Minneapolis) #3

Dada, nafundisha watoto wa umri huo huo. Kwa mtoto wa miaka 6, anayeadhibiwa ndiye mkosaji. Ndivyo tunavyowalea: ukimpiga mwenzio unakaa pembeni, ukimwaga uji unafuta. Sasa akisikia "Weusi walikatazwa kunywa maji hapa", anatafuta kosa la Weusi. Aliyekataza hakutajwa. Kwenye masomo mengi ya Januari wabaguzi hawaonekani kabisa. Ubaguzi unakuwa kama mvua, ulinyesha, ukakoma.

Mimi huanza na walioandika sheria. Utumwa ulifutwa 1865, na kwa miaka michache Weusi wa Kusini walipiga kura na wengine wakaingia bungeni. Kisha wenye nguvu wa zamani wakarudi madarakani, wakaandika sheria za kutenga watu jimbo baada ya jimbo, na mwaka 1896 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Plessy, ikasema kutenga si kosa mradi huduma ziwe sawa. Hazikuwahi kuwa sawa. Kwa watoto nafupisha: kulikuwa na watu wazima waliotaka vizuri vyote viwe vyao, wakaandika sheria ya kuwalinda wao. Walioonewa hawakukosa kitu. Hilo la mwisho nalisema wazi, tena kila siku ya somo.

Fundi_Picha (Atlanta) #4

Naongezea upande wa picha, maana ndiyo kazi yangu. Mama Tausi, hebu uliza shuleni walionyeshwa picha gani. Mara nyingi ni zile za Birmingham, Alabama, Mei 1963: mbwa wa polisi na mabomba ya zimamoto yanayosukuma vijana ukutani. Ni picha za ukweli, na zilisaidia kuamsha nchi. Lakini mtoto akiona mtu wa rangi yake siku zote yuko chini anapigwa, na aliyesimama ni mwingine, atajiweka wapi?

Kuna picha alizopiga Gordon Parks mwaka 1956 huko Mobile, Alabama, kwa ajili ya jarida la Life. Ni za rangi. Moja naipenda sana: mwanamke na mpwa wake mdogo wa kike wamesimama nje ya duka kubwa, wamependeza hasa, magauni yamepigwa pasi, na juu yao kuna taa nyekundu za maandishi zinazoonyesha mlango wa Weusi. Mtoto akiiona anaona kwanza watu wenye heshima zao. Ndipo anauliza, "mbona watu wazuri hivi wapite mlango wa pembeni?" Swali hilo ni tofauti kabisa na la binti yako.

Na rangi inasaidia jambo la #2 pia. Picha nyeusi na nyeupe zinamfanya mtoto adhani ni enzi za manabii.

Bint_Mvita (Leicester) #5

Hamjambo jamani. Watoto wapewe habari za mtoto mwenzao. Wangu nilimhadithia Ruby Bridges, mtoto wa kwanza mweusi kuingia shule ya Wazungu New Orleans, miaka 6 vilevile. Alisindikizwa na wanajeshi mpaka mlangoni, watu wanamzomea, naye hakulia. Mwanangu aliikariri hadithi mwezi mzima.

Msomaji_wa_Zamani (Maryland) #6

Bint Mvita, umechagua vizuri. Tuweke sawa mambo mawili, maana watoto hushika tunachowaambia.

Waliomsindikiza Ruby tarehe 14 Novemba 1960 walikuwa maofisa wanne wa serikali kuu, waliovaa kiraia na vitambaa vya utambulisho mkononi. Wanajeshi ni habari ya Little Rock, Arkansas, Septemba 1957, pale Rais Eisenhower alipotuma askari wa miamvuli wawalinde wanafunzi tisa wa sekondari.

Pili, siku ile ile, New Orleans hiyo hiyo, wasichana wengine watatu wa darasa la kwanza waliingia shule ya McDonogh namba 19: Leona Tate, Tessie Prevost na Gail Etienne. Ruby alikuwa peke yake katika shule yake, William Frantz, lakini mjini walikuwa wanne. Mimi nawataja wote wanne. Mtoto akidhani shujaa huwa mmoja tu, atakata tamaa mapema.

MamaTausi #7

Shukrani nyingi. Fundi Picha, nimeuliza: ni kweli, walionyeshwa mbwa.

Ruby namjua juu juu. Nimesoma kwamba kwenye umati kulikuwa na watu walioshika jeneza dogo lenye mwanasesere mweusi ndani. Hilo nalo nimweleze mtoto?

Mkunga_Mstaafu (Tanga) #8

Hapana mwanangu. Kwa umri huo, hapana. Ruby mwenyewe amesema hadharani kwamba jeneza lile lilimtia hofu kuliko makelele yote. Kama lilimtisha aliyekuwepo, la kumpa wako kabla ya kulala ni la nini?

Mpe aliyoyaona Ruby kwa jicho la mtoto. Alipofika akakuta umati na vizuizi, alidhani ni sherehe za Mardi Gras, maana ndivyo mji ule unavyokuwa wakati wa sherehe. Siku ya kwanza alikaa ofisini kwa mkuu wa shule mpaka saa ya kurudi nyumbani, kwa sababu wazazi Wazungu walikuwa wanawaondoa watoto wao. Kesho yake akampata mwalimu, Barbara Henry, aliyetoka Boston, akamfundisha peke yake darasani mwaka mzima. Mtoto mmoja, mwalimu mmoja, madawati matupu. Wajukuu zangu hapo ndipo wanaponiuliza: alicheza na nani? Alikula na nani? Maswali ya kitoto, na yamebeba ubaguzi wote.

Mwana_wa_Kamalondo (Dallas) #9

Jambo yenu wote. Miye ni mtu wa Lubumbashi. Nasoma lakini naona hamjauliza jambo moja: darasani mwa huyo binti kuna watoto weusi wangapi?

Nauliza kwa sababu wangu alikuwa peke yake. Mwalimu alipotaja "Weusi", darasa zima liligeuza shingo kumwangalia. Hakuna aliyesema neno baya. Yale macho tu. Alirudi nyumbani kimya, na siku iliyofuata alisema tumbo linamuuma. Kwa hiyo mimi sidhani kosa ni picha wala maneno ya mwalimu. Ni upweke. Mtoto mmoja anageuzwa kuwa kielelezo cha somo.

Hata ule uchunguzi wa wanasesere unaonyesha: watoto weusi waliotengwa kwenye shule zao walimchagua mwanasesere mweupe, wakasema mweusi ni mbaya.

Msomaji_wa_Zamani #10

Ndugu wa Kamalondo, hoja yako ya upweke nakubaliana nayo, ila uchunguzi huo unakupa nguvu kwa njia usiyoitegemea.

Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, wanasaikolojia, waliwapa watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere wanaofanana kila kitu isipokuwa rangi. Wengi walimpenda mweupe, na Mahakama ya Juu iliutaja utafiti wao katika hukumu ya Brown, iliyopinga kutenga watoto shuleni kwa rangi, tarehe 17 Mei 1954, ile ya majaji tisa kwa sauti moja. Lakini akina Clark walilinganisha watoto wa Arkansas waliosoma shule zilizotengwa na wa Springfield, Massachusetts, waliosoma pamoja na Wazungu. Wa Massachusetts ndio waliompendelea mweupe zaidi.

Kwa hiyo kusoma pamoja peke yake hakukumwondolea mtoto aibu. Watu wamebishana miaka yote kwa nini. Wapo wanaosema waliotengwa angalau walikuwa na walimu wa rangi yao waliowaambia kila asubuhi kwamba wao ni watu.

Mwl_Neema #11

Na walimu hao wengi walipoteza kazi baada ya 1954. Shule ziliunganishwa kwa kufunga za Weusi, na walimu wao wakaachwa nje. Hilo somo la Januari haligusi.

Simba_wa_Mbeya (Seattle) #12

Samahani kwa kuingia na viatu. Mimi naona tatizo ni letu. Watoto wetu ni Waafrika waliozaliwa ugenini. Mabomba ya maji ya Alabama si historia yao. Tuwafundishe Mkwawa, Kinjekitile, Nyerere, Kimathi, mtoto ajue anatoka kwa watu waliosimama. Akishajua hivyo, ya Alabama atayasikia kama habari za jirani: atawahurumia bila kuona aibu.

Kigoma_Mwisho_wa_Reli #13

Hapo umenena mkuu.

Bibi_Afya (Dar es Salaam) #14

Wajukuu, hapo nakataa. Kwanza, dereva wa basi wa Montgomery, Alabama, asingemwuliza mtoto wako babu yake alitokea Mbeya au Mississippi. Rangi ndiyo ilikuwa pasipoti.

Pili, nani kasema sisi hatukutengwa? Mimi nimekulia Dar es Salaam. Mji huu Waingereza waliugawa kwa rangi: Uzunguni Oysterbay, Uhindini katikati ya mji, Uswahilini Kariakoo na Ilala, na katikati wakaacha uwanja mtupu, Mnazi Mmoja. Dodoma na Mbeya majina ya Uzunguni na Uhindini yapo. Shule zilikuwa tatu: ya Wazungu, ya Wahindi, ya Waafrika, na fedha za kila mtoto hazikulingana hata kidogo. Serikali ya Tanganyika iliziunganisha kuanzia Januari 1962, mwezi mmoja tu baada ya uhuru. Dada zangu waliomaliza kabla walikuwa wanapita nje ya uzio wa shule yenye bustani ya maua, wanajua si yao. Ubaguzi wa sheria huo, Mama Tausi. Mweleze binti yako kwamba bibi zake waliupita, wakauzika.

Nyeri_Asubuhi (Nakuru) #15

Bibi Afya nimekusoma. Huku Kenya kulikuwa na kipande. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitembea na karatasi yenye alama za vidole na jina la mwajiri, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Akikutwa bila hicho, ni kosa. Ilianza kutumika miaka ya 1919 na 1920, na vuguvugu la Harry Thuku la 1922 lililalamikia hilo pamoja na kodi. Ardhi nzuri ya nyanda za juu nayo ilikuwa ya Wazungu pekee.

Nilimtengenezea mwanangu kikopo cha karatasi ngumu na kamba, akakivaa wakati namhadithia. Hakuchukua dakika nyingi akakivua: "Kinanikera shingo." Nikamwambia, babu wa babako hakuruhusiwa kukivua. Hapo alielewa zaidi ya hotuba yoyote ambayo ningempa.

Mwana_wa_Kamalondo #16

Na kwetu pia. Lubumbashi wakati wa Wabelgiji iliitwa Elisabethville. Mji wa Wazungu upande mmoja, mitaa ya Waafrika kama Kamalondo upande mwingine, katikati eneo wazi bila nyumba. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana upande wa Wazungu bila karatasi. Nikisoma habari za Alabama nasikia sauti ya baba yangu.

Pwani_si_Kenya_tu (Boston) #17

Simba wa Mbeya, habari hizi hata si za jirani, zimeungana. Tom Mboya alipotafuta ndege ya kuwapeleka vijana wa Kenya vyuoni Marekani mwaka 1959, waliotia saini barua ya kuomba michango ni Wamarekani weusi maarufu: Jackie Robinson wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Vijana 81 wakapanda, akiwemo baba yake Obama. Thurgood Marshall, wakili aliyeshinda kesi ya Brown, Mboya huyo huyo alimwalika akasaidie kuandika sehemu ya haki za binadamu kwenye mazungumzo ya katiba ya Kenya huko Lancaster House, London, mwaka 1960. Na Oginga Odinga alikamatwa Atlanta Desemba 1963 akigoma kwenye hoteli ya kibaguzi!

Msomaji_wa_Zamani #18

Kaka wa Pwani, baba yake Obama alikwenda Marekani mwaka huo wa 1959, lakini hakupanda ndege ile. Alifika Hawaii kwa njia nyingine.

Na Odinga hakukamatwa. Alikuwa waziri wa Kenya iliyopata uhuru siku chache kabla, akapita Atlanta kwa ziara. Wanafunzi wa SNCC, umoja wa wanafunzi waliopinga ubaguzi, walikwenda kumwona hotelini, wakaimba naye. Walipotoka waliingia mgahawa wa Toddle House jirani na hoteli, wakakataliwa huduma, wakakaa, wakakamatwa wao. Baadaye wakatunga wimbo wenye jina lake. Mgeni mweusi kutoka Kenya analala hoteli nzuri, mwenyeji mweusi hapati kikombe cha kahawa mlango wa jirani. Hilo mtoto wa miaka 9 analielewa vizuri sana.

Kigoma_Mwisho_wa_Reli #19

Msomaji wa Zamani, wewe hulali? Mtu akikosea nukta tu, umefika na rungu 😄

Bint_Mvita #20

Mwacheni, ndiye anayetufanyia kazi ya maktaba.

Narudi kwenye mada. Kuhusu Rosa Parks mnawaambia nini? Shuleni kwetu wanasema alikuwa bibi mchovu aliyeketi kiti cha Wazungu.

Mwl_Neema #21

Hapo nina la kusema kwa kirefu, maana nadhani ndipo aibu inapotengenezwa.

Rosa Parks alikuwa na miaka 42, si bibi. Tarehe 1 Desemba 1955 aliketi safu ya kwanza ya sehemu ya Weusi. Basi lilipojaa, dereva akataka safu nzima inyanyuke ili Mzungu mmoja akae. Alikuwa katibu wa tawi la Montgomery la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, alishachunguza kesi za wanawake waliodhulumiwa, na majira ya kiangazi mwaka ule alihudhuria mafunzo Tennessee. Alijua anachofanya. Miezi tisa kabla yake, Machi 2, Claudette Colvin wa miaka 15 alikataa kunyanyuka akaburutwa na polisi, na jina lake lilikuwa miongoni mwa walalamikaji wa kesi iliyofuta sheria hiyo ya mabasi mwaka 1956.

Ukisema "bibi alichoka", umemfanya mtoto adhani mambo hutokea kwa bahati. Mimi naingia kwenye siku 381 za kususia mabasi, na huko kuna kazi kwa kila mkono. Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alikesha usiku ule ule akidurufu makumi ya maelfu ya vikaratasi vya kuita watu kugoma. Wenye magari walibeba wasio nayo. Wengine walitembea.

Na yuko Georgia Gilmore. Mpishi na mkunga. Alitoa ushahidi mahakamani King aliposhtakiwa mwaka 1956, akafukuzwa kazi ya mgahawani, akageuza nyumba yake kuwa pa kula. Yeye na wanawake wenzake walipika kuku, sandwichi, keki, wakauza mitaani na saluni, wakapeleka fedha kwenye mikutano ya mgomo. Kikundi chao kilijiita Klabu ya Kutoka Popote Pasipojulikana, ili mtu akiuliza fedha zimetoka wapi, jibu ni hilo. Wanunuzi wengine walikuwa Wazungu wasiojua keki yao inanunua petroli ya wagomaji.

Darasa langu linampenda kuliko King. Wanachora keki. Hakuna anayetoka na aibu.

Mkunga_Mstaafu #22

Mama ntilie kaendesha mapinduzi! Huyo namchukua, kesho nawahadithia wa kwangu.

Fundi_Picha #23

Mwalimu umenigusa. Ila sikubali moja kwa moja kwamba hadithi njema inatosha. Wangu alipata hadithi zote za ushindi, akaamini mambo yaliisha 1964 sheria iliposainiwa. Siku polisi alipotusimamisha barabarani, na mikono yangu juu ya usukani, akaniambia, "Baba, mwambie King alishamaliza." Tumewapa furaha mapema mno, wengine.

Chuo_cha_Maisha (Kansas City) #24

Wakuu, nimesoma habari za mwalimu Jane Elliott wa Iowa. Kesho yake baada ya King kuuawa, Aprili 1968, aliwagawa watoto wa darasa la tatu kwa rangi ya macho, siku moja wenye macho ya bluu wapendelewe, siku nyingine wa kahawia. Kwa nini walimu wasifanye hivyo? Mtoto wa Kizungu ataonja.

Mwl_Neema #25

Naomba usimpe wazo hilo mwalimu wa mwanao. Darasa la Elliott lilikuwa la watoto Wazungu watupu, wa miaka kama 8, na mpaka leo wataalamu wanabishana kama ilikuwa halali. Ukilifanya darasa lenye mtoto mmoja mweusi, kama wa ndugu wa Kamalondo, unamwongezea chumvi kwenye kidonda. Yeye ameshaonja.

Nyeri_Asubuhi #26

Lakini mimi kikopo nilimvalisha wangu, na kilifaa.

Mwl_Neema #27

Alikuwa nyumbani, na mama yake, na angeweza kukivua. Darasani hawezi.

Simba_wa_Mbeya #28

Bibi Afya, hoja ya pasipoti nimeitafakari tangu jana. Bado nasema mtoto aanze na kwao, kisha ya Marekani, na hapo kwenye Uzunguni na kipande ndipo pa kuanzia. Ila nisaidieni na hili: wangu wa miaka 9 kasoma kwamba Birmingham watoto waliandamana wakafungwa. Audrey Faye Hendricks, miaka 9 kama yeye, alikaa kizuizini wiki nzima, Mei 1963. Sasa anataka kujua kama ningemruhusu.

Mkunga_Mstaafu #29

Na ungemruhusu?

Simba_wa_Mbeya #30

Nilimwambia nitamjibu baadaye. Sijamjibu.

Msomaji_wa_Zamani #31

Hata wakati ule watu wazima waligawanyika. King mwenyewe alisita mwanzoni, James Bevel, msaidizi wake, ndiye aliyeshikilia watoto waandamane, na Malcolm X alilaumu waziwazi kuwaweka watoto mstari wa mbele. Wazazi wangepoteza kazi kama wangeandamana wao. Watoto hawakuwa na ajira ya kupoteza. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yenyewe. Kisha Septemba 15 mwaka ule ule bomu likalipuka kwenye kanisa la Mtaa wa 16 walikoanzia maandamano, likaua wasichana wanne, watatu wa miaka 14 na mmoja wa 11.

Mweleze hesabu hiyo ya ajira. Miaka 9 anaweza. Ya bomu ungoje aulize.

Kigoma_Mwisho_wa_Reli #32

Ndiyo maana nasema wasubiri. Na walimu wenyewe wanaogopa siku hizi. Tangu 2021 majimbo kadhaa, Texas langu likiwemo, yana sheria za kuwabana walimu kuhusu masomo ya rangi. Florida mwaka 2023 shule moja ilisitisha kuonyesha filamu ya Ruby Bridges kwa sababu ya malalamiko ya mzazi mmoja.

Bint_Mvita #33

Kama shule zinaogopa, ndipo wewe mzazi usisubiri. Ruby alikuwa na miaka 6 wakati wanamzomea. Hakuna aliyemwambia asubiri akue.

Kigoma_Mwisho_wa_Reli #34

Hilo jibu kali. Nitakuja nalo baadaye.

MamaTausi #35

Ndugu wa Kamalondo, samahani nimechelewa kujibu swali lako #9. Wako wawili, yeye na mvulana kutoka Somalia. Na mvulana yule mama yake ameniambia wake alirudi na hasira, si aibu. Darasa moja, somo moja, picha zile zile. Kwa hiyo sielewi tena. Ni upweke? Ni tabia ya mtoto? Au kwake nyumbani walishaongea kabla, sisi tukanyamaza?

Baba yake Tausi kasoma uzi wote jana usiku. Amekubali tuanze na keki za Bi Gilmore na shule tatu za Tanganyika. Ruby bado anasita.

Mwana_wa_Kamalondo #36

Mama wa Kisomali alisema waliongea nini kabla?

MamaTausi #37

Alisema walimweleza mapema kwamba atasikia habari za watu walioonewa, na kwamba wale walioonewa walishinda kesi. Basi.

Chuo_cha_Maisha #38

Kwa walio karibu: Topeka, Kansas, shule ya Monroe aliyosoma Linda Brown, mtoto wa ile kesi ya Brown, sasa ni hifadhi ya taifa, kuingia ni bure. Linda alikuwa anapita katikati ya reli kwenda kupanda basi la shule wakati shule ya Sumner, ya Wazungu, ilikuwa mitaa saba kutoka kwao. Nawapeleka wangu kiangazi hiki. Na muelewe, Monroe haikuwa shule mbovu, walimu wake walikuwa wazuri. Kesi ilihusu kutengwa kwenyewe.

MamaTausi #39

Topeka mbali kwetu. Cincinnati kuna ile makumbusho kando ya mto Ohio, watoto wa miaka 6 inawafaa?

Pwani_si_Kenya_tu #40

Ile ni ya utumwa na njia za kuutoroka, si ya mabasi na shule. Ndani kuna jengo la magogo la ghorofa mbili lililoletwa kutoka Kentucky, walimofungiwa watumwa kabla ya kuuzwa, na unaingia ndani yake. Mimi wangu wa miaka 7 nilimpitisha nje tu.

Mkunga_Mstaafu #41

Mwingine kaingia na wa umri huo?